Vyombo Sitini na Sita Chini ya Zizi

Kauri ya Kiingereza hujaribiwa hivi. Unaiweka sahani juu ya ncha za vidole vitatu, unaigonga ukingoni kwa ukucha, kisha unanyamaza. Ikiwa nzima inalia kama kengele ya mbuzi aliye mbali. Ikiwa na ufa, hata ule wa unywele usioonekana kwa jicho, inakohoa. Halafu unaiinua juani. Usipoona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, mrudishie mwenyewe. Huo ni udongo uliovaa nguo za kuazima. Mimi hugonga mara mbili. Watu wamenicheka kwa hilo tangu ujana wangu, nami nimewacheka walipofika kwao na mabuli yanayovuja.

Basi nitasimulia habari za vyombo, lakini ni haki nikiri mapema: vyombo hivyo nusura vimuue kaka yangu, na viliposhindwa kumuua vikataka kumnyang'anya mke. Na aliyevileta nyumbani ni mimi.

Mwaka wa uhuru nilikuwa nauza maziwa ya ngamia mjini Garissa. Nilikuwa mwanamke aliyeachwa, nakaa uani kwa kaka yangu na mkewe. Kaka alikuwa dalali wa mifugo. Kwetu bei ya ngamia haisemwi mdomoni mbele ya watu. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyosema. Kubonyeza kidole hiki ni kadhaa, kukamata viwili ni kadhaa, kukwaruza kiganja ni matusi. Watu walisema mkono wa kulia wa kaka yangu una ufasaha kuliko imamu. Wifi yangu, mkewe, alikuwa kinyume cha mkono huo: maneno yake kwa siku ungeyaweka kwenye kikombe na bado pakabaki nafasi ya sukari.

Kila asubuhi nilipeleka maziwa mlango wa nyuma wa nyumba ya Mzungu mmoja wa serikali. Mpishi wake, mzee wa pwani, ndiye aliyenifundisha Kiswahili, kwa kunisahihisha maneno huku akinipunja vipimo. Siku moja aliyamimina maziwa yangu katika jagi jeupe lenye maua ya buluu na ukingo wa dhahabu, jua likalipiga ubavuni, nikaona maziwa yakipanda ndani. Niliyaona kupitia ukuta. Vyombo vya mama yangu vilikuwa vya kusukwa kwa mizizi, vimefukizwa moshi, vyeusi kama kisima. Nilisimama pale na mdomo wazi kama mtu aliyeonyeshwa moyo wake mwenyewe unavyopiga.

Mzungu alipoondoka akamwachia mpishi vyombo. Nikaenda kuvitazama nikiwa nimekunja uso, maana mnunuzi anayetabasamu amekwisha kulipa.

"Hivi ni vya bibi yake bwana," mpishi akaniambia, "na vya bibi wa bibi yake."

"Basi ni vya maiti."

"Ni vya kale, mama. Ukale ndiyo bei."

"Kwetu ngamia mzee hapandi bei, mzee wangu."

"Ngamia mzee anakohoa. Haya, gonga hicho."

Nikagonga. Kililia mpaka mbwa wa jirani akainua kichwa. Pale nilishindwa, na ili asione kwamba nimeshindwa nikaanza kuhesabu. Nilihesabu mara mbili: vikombe kumi na kimoja, sahani za supu tisa, vingine vyote kumi na viwili kumi na viwili, mbali na jagi, buli na vyombo vinne vya kupakulia.

"Seti ya vilema," nikasema. "Vilivyopungua viko wapi?"

"Wajir. Walikuwa ndugu wawili, wakagawana urithi. Huyu akaletwa hapa, mwenzake akapelekwa Wajir. Wazungu nao hugombania urithi, ulidhani ni nyinyi tu?"

Nilivichukua kwa mabeberu wawili na debe la samli, na mpishi akalia machozi ya uongo mpaka nikafika barabarani.

Sasa, vyombo vya Mzungu vimekula nguruwe, hilo halina mjadala. Sheria tuliyoifuata ni kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nilivipeleka Tana, nikaketi kwenye maji mafupi kwa kuogopa mamba, nikaviosha mara saba kwa mchanga wa mto. Kisha nikaingiwa na shaka kama nilihesabu sawasawa, nikaviosha saba nyingine. Nilipofika sahani ya nne wifi yangu, aliyekuja kuteka maji, aliokota moja niliyoimaliza akaigeuza. Dhahabu ya ukingoni ilikuwa imekwenda na mto.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Kumi na nne."

"Saba za sheria," akasema, "na saba za wasiwasi wako. Na udongo ilikuwa mara moja tu, abaayo. Ungemuuliza sheikh."

Abaayo ni dada, na kwa sauti yake lilikuwa neno zito kuliko kawaida. Sikumuuliza sheikh. Mimi huuliza bei. Mambo ya dini nilikuwa nikiyalipa tu, tena kwa kuzidisha, ili nisidaiwe.

Vita vikaanza. Porini walikuwa watu waliotaka nchi yetu iungane na Somalia. Serikali iliwaita shifta, na sisi wa mjini tuliwaita kulingana na nani anasikiliza. Muuza nyama mmoja aliokotwa mtoni bila masikio kwa sababu alionekana akizungumza na askari. Wiki ileile askari walimpiga risasi mchungaji mmoja kwa sababu hakuzungumza. Tuliamka na milio, tukala na milio. Mama mmoja wa jirani alipigwa risasi ya tumbo akiwa anapepeta mtama ndani ya ua wake, na hadi leo hakuna anayejua ilitoka upande gani. Pande zote mbili zilikuja kutoa pole.

Na mimi, katikati ya hayo, nilikuwa natafuta kikombe kimoja na sahani tatu za supu.

Sitaki kujipamba. Kuna watu wakati wa vita hushika tasbihi, kuna wanaoshika bunduki. Mimi nilishika hesabu ya kumi na mbili. Nilihisi, kwa ujinga ambao sikumwambia mtu, kwamba seti ikitimia kitu fulani kitatulia.

Nikasikia kuna mfanyabiashara Wajir aliyenunua vyombo vya yule ndugu wa pili, na kwamba kuku wake wananywa maji katika sahani ya supu yenye maua ya buluu. Nilimtumia majike wawili wa mbuzi kwa lori. Lori liliporudi lilikuwa limeviziwa njiani. Kioo cha mbele hakikuwapo. Dereva alikuwa ameendesha mwendo wote huo akiwa amekalia damu, na nyuma, juu ya magunia, utingo wake alikuwa amelala na shuka usoni, mtu mzima mwenye watoto watano. Sanduku langu lilikuwa chini ya miguu yake. Dereva alilishusha mwenyewe.

"Mama, chukua mzigo wako," akasema. "Wamemuua akiwa ameukumbatia. Nilimwambia asiuachie, una vitu vya kuvunjika."

Risasi ilikuwa imepenya mbao. Nilifungua palepale, kando ya maiti. Sahani za supu zilikuwa tano. Risasi ilikuwa imepitia mbili. Tatu nzima. Kikombe kimoja, kizima. Nikazigonga zote, moja moja, mara mbili, na zote zikalia. Kisha ndipo nikamgeukia dereva nikasema innalillahi.

Hivyo ndivyo seti yangu ilivyotimia. Vyombo sitini na sita. Ukihesabu kila kifuniko kama chombo ni sitini na tisa, lakini huo ni ubishi. Kaka alinitazama nilipovipanga kwenye mkeka, akatikisa kichwa.

"Abaayo, sasa umtafute gavana wa kunywea."

Hakuna aliyewahi kunywea. Nilikuwa navitoa, navihesabu, navirudisha katika majani makavu.

Kisha askari wakaanza kupekua nyumba kwa nyumba. Mtaa wa pili walivunja mitungi yote kwa vitako vya bunduki, wakamwaga unga, wakachana magodoro, wakamtoa mzee mmoja meno kwa sababu alichelewa kufungua sanduku lililoharibika kufuli. Nikamwambia kaka tuzike vyombo.

"Wapi?"

"Ndani ya zizi la mbuzi. Kinyesi kitafunika udongo, mbuzi watapakanyaga, hata wewe mwenyewe utapasahau."

Alichimba yeye, adhuhuri moja wakati mji umelala kwa joto na mkewe tumemtuma mtoni kufua. Alikuwa hajashika jembe maishani; wakulima walikuwa wale Wabantu wa mtoni, si sisi. Shimo la kufika kiunoni lilimchukua mpaka alasiri, na kila baada ya mapigo kumi alitazama viganja vyake kama mtu anayesoma barua mbaya. Tulishusha masanduku mawili, tukafukia, tukarudisha mbuzi.

Kisha nikafanya kosa langu. Nilimtaka aape.

Sokoni kwetu, dalali akisema "wallahi" mnunuzi huendelea kutazama meno ya ngamia. Kiapo cha Mungu kina fidia. Ukikivunja unafunga siku tatu, mambo yameisha. Lakini dalali akisema, "Kama si hivyo mke wangu ana talaka tatu," hapo mnunuzi huacha meno akamtazama mtu. Talaka tatu hazina kufunga wala kulisha maskini. Mke ametoka, na harudi mpaka aolewe na mwingine na kuachika huko. Kaka yangu alikuwa hajawahi kutumia kiapo hicho hata kwa ngamia wa urithi.

"Apa cha talaka," nikamwambia.

"Kwa sahani?"

"Utakunywa chai na rafiki zako, ulimi utateleza. Apa."

Alicheka, akidhani nitacheka. Sikucheka. Akafuta jasho. "Haya. Nikisema viko wapi, mke wangu ana talaka tatu."

"Au kwamba vipo."

"Au kwamba vipo. Umeridhika?"

"Mara mbili."

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alisubiri kaka arudie kiapo, neno kwa neno, ndipo akaja kutuwekea vikombe, vya bati.

"Kwa hiyo leo nimewekwa rehani," akasema. "Nilidhani nina thamani ya ngamia walau."

Siku ya tatu, alfajiri imeondoka na jua limeanza kuuma, askari waliuzingira mtaa wote. Waliwaswaga wanaume kwenye uwanja wa kisima, wakawalaza kifudifudi. Wawili walikimbia. Nilisikia milio minne, kisha mmoja baadaye peke yake, wa kumalizia. Wakasema juzi gari lao limelipuka kwenye barabara, na aliyefukia kile kitu barabarani ni mtu wa hapa, na bunduki zake zimefukiwa hapahapa. Walikuwa wanatafuta mtu aliyechimba.

Sajini alipita akikagua viganja. Kaka alitusimulia sehemu hii mara nyingi baadaye, hata naiona kana kwamba nililala pale mimi.

"We warya," akamwita, neno walilotuitia Wasomali wote, "mikono. Kazi yako?"

"Dalali, afande. Ya ngamia."

"Dalali. Na hii ni nini?"

"Nilibasua kuni, afande." Ulimi wa Kisomali hauna pa wala va.

Sajini alichuchumaa, akaushika mkono wa kaka karibu kwa upole. "Mimi ni mtoto wa mkulima," akamwambia. "Shoka linatoa lengelenge hapa. Jembe linatoa hapa. Hili ni la jembe, na ni la juzi. Umechimba nini?"

Kaka alikunja kiganja. Angesema tu: nimechimba shimo la sahani, afande, dada yangu ana wazimu. Angecheka hata sajini. Lakini nilikuwa nimeziba pande zote mbili, viko wapi na kwamba vipo, mara mbili.

Walimleta nyumbani awaonyeshe. Askari wanne na sajini. Mkalimani wao walimwacha kisimani na wale wengine. Uani tulikuwa mimi na wifi yangu peke yetu. Walituchuchumaza ukutani, mikono kichwani. Walimwangusha kaka mbele ya zizi, hatua sita kutoka kwenye shimo. Mbuzi walikuwa wamesimama juu ya vyombo vyangu, wakicheua.

"Wapi?"

"Hakuna kitu, afande."

Walianza na vitako vya bunduki, mgongoni na mbavuni. Mlio wa mbavu si kama watu wanavyosema. Haulii. Unakohoa. Askari mmoja alimkanyaga kifundo cha mkono wa kulia, mwingine akachukua jembe letu wenyewe, akaligeuza, akapiga vidole kwa ule upande wa nyuma. Mara moja kwa kila kidole. Kisha wakarudia, kana kwamba walikuwa na tabia yangu.

Na mimi nilihesabu. Midomo yangu ilihesabu yenyewe. Nilifika kumi nikasema sasa watachoka. Nilifika kumi na tano nikasema jua limekuwa kali, wana mtaa mzima wa kupekua, hawawezi kukaa hapa. Nimejiuliza maisha yangu yote nilikuwa nangoja nini, na jibu ninalo, silipendi: nilikuwa nangoja bei ishuke. Nimezoea hivyo. Muuzaji anataja, unanyamaza, anapunguza. Sikuzoea soko ambalo ukinyamaza anaongeza.

Ishirini na tano. Damu ilimtoka sikioni, nyembamba, ikaingia kwenye kinyesi cha mbuzi.

Hapo kaka akasema. Alisema kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu anayeota homa. "Chini ya zizi. Sahani za dada yangu. Chini ya zizi."

Askari hawakuelewa neno. Mmoja akadhani anatukanwa, akampiga mdomoni, na wenzake wakaendelea mgongoni. Kaka akarudia, wazi zaidi: "Chini ya zizi, sahani." Mara ya pili. Na pale kisimani, upande wa pili wa ua, mkalimani alikuwa akiita jina la mtu. Angeitwa yeye, angefika kwa hatua hamsini, na kaka angesema mara ya tatu mbele ya sikio linaloelewa.

Niliinuka. Nilipiga ukelele mkubwa kuliko wowote niliowahi kupiga, ili sauti yangu iifunike yake.

"Afande! Mimi! Mimi tasema! Fyombo! Ni fyombo ya chai bekee!"

Nilipigwa kitako cha bunduki begani nikaanguka, nikaendelea kusema nikiwa chini, nikaonyesha kwa mguu. Walifukuza mbuzi, beberu mmoja akagoma, wakampiga risasi. Wakachimba kwa lile jembe lenye damu. Jembe likagonga sanduku la kwanza. Wote wakarudi nyuma wakalala chini, wakidhani ni bomu, wakamwita askari mdogo kuliko wote afungue. Akafungua kwa ncha ya bayoneti. Majani. Akatoa majani. Akainua buli.

Beberu alikuwa bado anapiga mateke.

Sajini alichukua sahani, akaigeuza, akaona muhuri wa taji nyuma. Akaitazama. Kisha akamtazama kaka yangu, mkono ule, na nikaona kitu kikimpita usoni. Nilidhani ni huruma. Nimefanya biashara na watu miaka mingi tangu siku hiyo na najua sasa ilikuwa nini. Mtu aliyemvunja mwenzake bure hawezi kuacha sahani nzima zimtazame.

"Huenda kuna risasi ndani," akasema. "Vunja. Moja moja."

"Afande, zingine ni bapa," yule mdogo akasema.

"Vunja."

Waliziweka juu ya jiwe la kusagia na kuzipiga kwa jembe. Kila moja ililia kabla ya kuvunjika. Nilijikuta nahesabu tena, na nilipofika sitini na sita nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba hakuna iliyokuwa imepotea. Wakaondoka na nyama ya beberu. Ua wa jirani waliuwasha moto walipokuwa wanapita, nadhani kwa mazoea.

Tulimvuta kaka ndani. Mbavu nne, sikio la kulia, meno, vidole vitano. Hakutamani maji, hakutaka daktari. Alilishika gauni langu kwa mkono mzima.

"Abaayo. Nilisema?"

Wifi yangu alikuwa nje, akichemsha maji. Nikamtazama mtu huyu aliyekuwa amebaki na kitu kimoja tu duniani, naye hajui kama anacho.

"Hukusema," nikajibu. "Mimi ndiye niliyesema."

"Apa."

Nikaapa.

"Mara mbili. Mimi nilikuapia mara mbili."

Wiki iliyofuata, tulipokuwa tumekwisha kuhamishiwa kwa nguvu ndani ya kijiji cha seng'enge, watu walimletea sheikh mgeni wa kumwombea. Kaka akataka niape mbele yake, mkono juu ya msahafu, ili mambo ya ndoa yake yawe safi. Sheikh akauliza, "Je, ulimsikia akisema?" Nikasema sikumsikia. Wifi yangu alikuwa amekaa nyuma ya pazia la khanga, kimya chake cha siku zote.

Kaka aliishi. Mkono wa kulia ulipona kama mzizi, na hakuna tena mnunuzi aliyeweza kusoma bei ndani yake. Alijaribu wa kushoto, wakasema una kigugumizi. Lakini alipata biashara nyingine, nayo ni hadithi yake. Kila penye chai aliisimulia: walinipiga, wakanivunja, sikusema. Vijana walimpisha njiani. Watoto watatu walizaliwa baada ya siku ile, na kila mmoja alipozaliwa nilifunga miezi miwili mfululizo kwa siri, nikiamini nimemweka kaka yangu katika zinaa na kuwafanya watoto wake kuwa wa haramu. Miezi miwili mara tatu. Mara mbili nilirudia kwa sababu nilishuku hesabu. Nilikonda, watu wakasema ni mapenzi.

Alikufa mzee, kitandani, mtaa wa Galbet, akiwa na wajukuu. Siku ya saba ya matanga tulibaki mimi na wifi yangu uani, vikongwe wawili, tukiosha bilauri za wageni. Nilikuwa nasuuza moja kwa mara ya tatu.

"Hiyo imekwisha takata," akasema.

"Nina wasiwasi nayo."

Aliichukua mkononi mwangu akaiweka kwenye sinia. Kisha, kama mtu anayeuliza chumvi, akasema, "Nilimsikia."

Sikumuuliza nani.

"Alisema mara mbili," akasema. "Nilikuwa nimechuchumaa kushoto kwako. Ulidhani ni wewe tu uliye na masikio?"

"Na ukakaa naye miaka yote ile? Na talaka tatu?"

"Talaka gani? Siku ya pili yake nilimuuliza imamu wa msikiti wa kisimani. Akasema aliyelazimishwa kwa kipigo kiapo chake hakivunjiki. Kalamu haimwandikii. Akacheka kidogo, akasema hata mtoto wa madrasa analijua."

Nilikaa chini. Miezi sita ya kufunga, na ile niliyorudia. Uongo juu ya msahafu. Usingizi wa miaka. Vyote nilivilipa kwa kitu kilichokuwa kinatolewa bure, hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Wewe, unayeuliza bei ya kiberiti mara mbili."

"Uliniona nikifunga."

"Nilikuona."

Alimimina maji machafu kwenye shina la mwarobaini, akasimama amenipa mgongo, beseni mkononi.

"Nilikusikia na wewe," akasema. "Ulikuwa unahesabu. Nami nilihesabu: mapigo thelathini na moja kabla hujainuka. Mimi nilikuwa sijui mlikozika. Mlinifungia nje ya siri nikiwa mimi ndiye rehani. Wewe ulijua. Kwa hiyo nikasema, acha abebe. Kila pigo na siku zake."

Nilitaka kumwambia ilikuwa ishirini na tisa. Nilikuwa nimehesabu vizuri. Lakini nilikumbuka kwamba baada ya ishirini na tano nilikuwa nikisikiliza maneno ya kaka, na huenda mawili yalinipita.

"Thelathini na moja," nikasema.

"Haya," akasema wifi yangu, akanirudishia beseni. "Bado bilauri kumi."